Bendera Tezini: Pambo na Ushahidi wa Chombo

Katika kisiwa kama Pemba, ambacho pwani yake imekatwakatwa na hori na vijito vya mikoko hata hakuna shamba lililo mbali sana na harufu ya chumvi, mtoto hahitaji kuelezwa chombo cha baharini ni kitu gani. Hukijua kabla hajajua kuandika jina lake, na aghalabu chombo chake cha kwanza hukiunda kwa mikono yake mwenyewe. Huchukua karara la mnazi lililokauka, au wayo wa ndara kuukuu, au kipande cha msufi kwa wepesi wake, akakipa omo na tezi, akakisimamishia mlingoti wa uchelewa, akakitundikia tanga la kitambaa chakavu, kisha, kabla hajakishusha majini, akakitia bendera. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo, wala chombo hakihitaji bendera ili kielee. Lakini mtoto huyo ameyaona majahazi na mashua za watu wazima, na moyo wake umemwambia kuwa chombo kisicho na bendera bado hakijakamilika.

Katika zama hizi, kando ya vidau hivyo vya asili, vimekuja visiwani vyombo vidogo vya namna nyingine, vinavyokwenda kwa betri na mota na kuongozwa na mtu aliyesimama ufukweni na rimoti mkononi. Vingine hununuliwa madukani, vingine huletwa na jamaa wanaorudi kutoka Maskati na Dubai, na vingine huundwa na mafundi wenye subira, ambao huchonga kwa mbao mfano wa jahazi au wa boti ya abiria, kisha wakautia ndani mota, usukani wa umeme na kipokezi cha mawimbi ya redio. Vyombo vitokavyo viwandani aghalabu hufika vikiwa vitupu, bila ya bendera, au vikiwa na karatasi ya kubandika yenye rangi zisizo za nchi yoyote. Na hapo ndipo mwenye chombo, mkubwa kwa mdogo, hupatwa na hamu ile ile ya mtoto wa karara, hamu ya kukitia chombo chake bendera ipepeayo.

Muradi wa makala haya ni kueleza namna ya kuitimiza hamu hiyo kwa ustadi na kwa adabu. Nasema kwa ustadi kwa sababu bendera ndogo ina taabu zake ambazo bendera kubwa haina. Nami nasema kwa adabu kwa sababu bendera ya chombo, hata ikiwa na upana wa vidole viwili, ni pambo na ni ushahidi kwa wakati mmoja, na ushahidi hautakiwi kuwa wa uongo. Watu wa Pemba wana sababu zaidi ya watu wengi kulifahamu jambo hilo, maana katika maji yanayokizunguka kisiwa chao bendera imewahi kuwa jambo la uhai na mauti.

Rangi zilizopita katika maji haya

Chombo kikiwa bado mbali, mtu wa pwani hukisoma kwa macho: hutazama umbo la omo lake akajua kama ni jahazi au betili, hutazama mkato wa tanga lake akajua kama ni cha kwetu au cha ugenini, na mwisho hutazama tezini, ilipo bendera, akajua kiko chini ya himaya ya nani. Kwa muda mrefu wa utawala wa Masultani wa Zanzibar, bendera iliyoonekana huko tezini ilikuwa nyekundu tupu, isiyo nyota wala maandishi. Ilipepea Unguja na Pemba, ilipepea juu ya Ngome ya Yesu huko Mombasa hadi mwaka 1963, na rangi hiyo hiyo ilikuwa ya Maskati pia, ambako ilidumu mpaka mwaka 1970, Oman ilipojitwalia bendera yake ya sasa yenye nyeupe, nyekundu na kijani. Katika Ghuba nako wekundu huo ulitawala, hata Waingereza, walipofunga mkataba wa amani ya bahari na masheikh wa huko mwaka 1820, waliwataka wachukue bendera nyekundu ndani ya pindo jeupe, upana wa weupe ukiwa sawa na upana wa wekundu, ili waliokubali mkataba watambulikane kwa mbali. Pindo la kitambaa, ambalo fundi wa leo angeweza kuliacha kwa kuliona dogo, lilikuwa ndilo lililomtenga rafiki na adui.

Kwa kuwa bendera ilikuwa na uzito kama huo, wapo walioazima isiyo yao. Katika miaka ambayo manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyazunguka maji ya Unguja na Pemba kuwasaka wafanyao biashara ya watumwa, Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na taifa jingine. Na kwa sababu hiyo baadhi ya manahodha walijipatia hati na bendera za Kifaransa, wakazitundika tezini, wakapita. Mnamo Desemba 1881, karibu na pwani ya Pemba, Kapteni Charles Brownrigg wa manowari HMS London, akiwa katika mashua ndogo ya moshi pamoja na mabaharia wachache, alikisogelea chombo kilichokuwa kikipepea bendera ya Ufaransa, nia yake ikiwa kuhakikisha hati zake tu, maana haki ya kukipekua hakuwa nayo. Chombo kile kilikuwa kimepakia watumwa, na waliokuwamo waliwafyatulia Waingereza risasi. Brownrigg aliuawa, na baadhi ya watu wake wakauawa pamoja naye. Laiti bendera ile ingalisema kweli, asingalikaribia kwa utulivu ule; na laiti isingaliheshimiwa hata ikiwa katika mikono ya uongo, watu wale wasingalithubutu kuitumia.

Mambo ya namna hiyo yaliyafikisha mataifa mezani. Katika Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliohusu kukomesha biashara ya watumwa, viliandikwa vifungu mahsusi juu ya nani aruhusiwe kupewa bendera kwa chombo cha wenyeji, na kwa masharti gani. Hata hivyo ugomvi wa Ufaransa na Uingereza juu ya majahazi ya watu wa Oman, hasa wa Sur, yaliyokuwa yakipeperusha bendera ya Kifaransa haukwisha, mpaka ukapelekwa mbele ya Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague. Nayo ilitoa hukumu mnamo tarehe 8 Agosti 1905 kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa tena na haki ya kuwaidhinisha raia wa Maskati kupeperusha bendera yake, isipokuwa wale waliothibitika kuwa chini ya himaya yake tangu kabla ya mwaka 1863. Wanasheria wa bahari wanaisoma hukumu hiyo hadi leo, na chanzo chake ni kitambaa katika tezi ya jahazi.

Unguja nayo ina kisa chake. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipomtaka Sayyid Khalid bin Barghash atoke katika kasri, sharti mojawapo walilompa lilikuwa kuishusha bendera yake; naye alipokataa, manowari zikapiga mizinga kwa muda usiofika saa moja. Meli ya kifalme, Glasgow, iliyokuwa imetia nanga mbele ya kasri, ilijibu mapigo hayo, ikazamishwa, na mabaharia wake wakatundika bendera ya Uingereza kuwa alama ya kusalimu amri. Mnara wa maneno usingeweza kueleza hali yao kwa wepesi kama kipande kile cha kitambaa.

Kisha rangi zikabadilika kwa haraka. Uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ulileta bendera nyekundu yenye duara la kijani katikati na ndani yake karafuu mbili za rangi ya dhahabu, zao ambalo Pemba ndiyo mama yake tangu tufani ya mwaka 1872 iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiachia Pemba sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Bendera hiyo ilipepea muda wa mwezi mmoja na siku chache tu, maana Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa, na katika miezi iliyofuata zikaja za rangi za buluu, nyeusi na kijani. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ikapatikana bendera ya Jamhuri ya Muungano tunayoijua, na mnamo Januari 2005 Zanzibar ikaanza kupandisha tena bendera yake yenyewe, yenye milia mitatu ya mlalo, buluu juu, nyeusi katikati na kijani chini, na bendera ya Muungano ikiwa katika pembe ya juu iliyo karibu na mlingoti.

Bendera ipi, na mahali gani

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa kuwa ndiyo yanayojibu swali la kwanza la mwenye chombo kidogo, nalo ni swali la kuchagua. Kanuni ni kuwa chombo cha mfano hupewa bendera ya zama zake na ya mahali pake. Anayeunda mfano wa meli Glasgow na aipe nyekundu tupu; anayeunda boti ya abiria ya leo, ya namna ile inayofunga gati Mkoani au Wete, na aipe bendera ya leo; na anayeunda mtepe, chombo cha kale cha kushonwa kwa kamba za makumbi na kwenda kwa tanga la mkeka, asiubebeshe bendera ya taifa ambalo lilizaliwa baada ya mtepe wa mwisho kuoza. Fundi akiichanganya tarehe, kazi yote ya patasi na randa, hata ikiwa nzuri namna gani, hupoteza uaminifu wake mbele ya mtu ajuaye.

Mahali pa heshima pa bendera ya taifa ni tezini, katika kijiti kilichosimama juu ya mstari wa katikati ya chombo na kuinama kidogo kwa nyuma. Chombo kikiwa mgeni katika bandari ya nchi nyingine, hutundika bendera ndogo ya mwenyeji upande wa kulia wa mlingoti, kuwa ni salamu. Basi mwenye mfano wa jahazi la Oman anayetaka kulionyesha likiingia Pemba anaweza kulipa bendera ya Oman tezini na ya Tanzania katika kamba ya kulia, na kwa hilo tu akawa amesimulia safari nzima. Asilolifanya ni kuweka tezini bendera mbili za mataifa mawili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema meli huenda chini ya bendera ya taifa moja, na kwamba inayotumia mbili au zaidi kwa kufuata manufaa yake inaweza kuhesabiwa kuwa haina taifa kabisa.

Ngalawa ina hukumu yake pekee, kwa kuwa tezi yake ni nyembamba na mtu wa usukani ameijaza. Kibendera chake kinakaa vizuri zaidi katika ncha ya mlingoti. Jahazi la tanga la pembe tatu linataka hadhari zaidi. Foromali yake hupita mbele ya mlingoti na kuhamishwa upande chombo kinapogeuzwa, na demani, kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, hupita karibu na tezi. Kwa hiyo kijiti cha bendera kikiwa kirefu mno, kamba huzongwa nacho, tanga likakwama, na chombo kilicho mbali na mkono wa mwenyewe kikapelekwa na mkondo hadi kwenye mikoko. Kabla ya gundi kukauka, inafaa fundi alizungushe tanga pande zote mbili kwa mkono, aone kama bendera inaguswa.

Kitambaa, kijiti na kipimo

Kwa kipimo, ipo kanuni ya wenye mashua za anasa, nayo ni kwamba urefu wa bendera ya tezini uwe takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya urefu wa chombo. Jahazi la mita 15 likifanyiwa mfano wa sentimita 60, yaani kila sentimita moja ya mfano isimame badala ya sentimita 25 za chombo chenyewe, bendera yake itakuwa na urefu wa sentimita 5. Bendera ya Tanzania na ya Zanzibar zote zina uwiano wa mbili kwa tatu, kimo kwa urefu. Kwa hiyo kimo cha bendera hiyo kitakuwa zaidi kidogo ya sentimita 3. Wengi huikuza kupita kadiri hiyo kwa mapenzi, lakini bendera kubwa katika chombo kidogo hukifanya chombo kionekane kidogo zaidi, na upepo ukiishika huigeuza ikawa kama usukani wa pili unaoshindana na ule wa kweli.

Taabu kubwa ni kitambaa. Tunaweza kuupunguza urefu wa jahazi mara 25, lakini hatuwezi kuupunguza unene wa uzi. Ndiyo maana kipande cha kanga kilichokatwa kwa sentimita 5 husimama kikavu kama kigae, hakikunji wala hakipepei. Katika karatasi na vitambaa vyembamba unene una athari kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana karatasi ikipunguzwa unene kwa nusu, ukaidi wake wa kukunjwa hupungua takriban mara nane. Hivyo basi chagua hariri nyepesi, au melimeli iliyofuliwa mara nyingi, au karatasi ya shashi kwa chombo cha maonyesho kisichokwenda majini. Rangi nayo iwe nyepesi, ya kunyonywa na nyuzi. Rangi nzito ya mafuta hugandisha kitambaa na kuirudisha taabu tuliyoikimbia.

Kama bendera inachorwa au kuchapwa pande mbili na kukunjwa juu ya kijiti, lazima pande hizo ziwe kama mtu na sura yake katika kioo. Katika bendera ya Muungano, kijani huwa juu karibu na mlingoti, buluu huwa chini upande wa mbali, na mlia mweusi wenye kingo za manjano hupanda kutoka pembe ya chini iliyo mlingotini hadi pembe ya juu ya mbali. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa kusomeka upande huu na upande ule. Anayechapa picha moja mara mbili bila ya kuigeuza hupata bendera ambayo upande wake mmoja ni sahihi na wa pili umepotoka. Katika bendera ya Zanzibar, vivyo hivyo, pembe yenye bendera ya Muungano haiachani na mlingoti kwa upande wowote.

Kijiti hakina mashaka kwa mkaazi wa Pemba, kwa kuwa uchelewa wa mnazi, ule wa ufagio, ni mwembamba, umenyooka, ni mwepesi, unapindika bila ya kuvunjika, na haushiki kutu. Kipande cha mwanzi uliochongwa nacho kinafaa kwa chombo kikubwa zaidi. Kijiti kisigandishwe moja kwa moja juu ya sitaha. Toboa tundu kwa keekee nyembamba, utie ndani yake mrija mfupi wa plastiki, kijiti kiingie na kutoka kwa kubana kidogo, ili bendera iweze kuvuliwa wakati wa kubeba chombo na kuwekwa tena ufukweni. Tundu hilo lizibwe vizuri kwa chini, maana maji ya chumvi yakipenya hadi kwenye mota na betri hayafanyi suluhu.

Wepesi wa kijiti unatakiwa pia kwa sababu ya mizani ya chombo. Uzito wa gramu 3 ulioinuliwa sentimita 40 juu ya kitovu cha uzito hukilaza chombo kwa nguvu ambayo haitulizwi ila kwa gramu 12 za farumi zilizowekwa sentimita 10 chini ya kitovu hicho. Manahodha wa kale waliokuwa wakipanga shehena ngamani walilijua jambo hilo bila ya hesabu za kuandikwa: kila kilicho juu hudai chenziwe kilicho chini.

Mwenye kupenda bendera ya maonyesho ionekane imekamatwa na upepo hata ndani ya nyumba, ailoweshe kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, aizungushe kwa mshazari juu ya kalamu, aiache ikauke nusu, kisha aifungue na kuinyoosha kwa vidole. Mikunjo ya bendera iliyotulia hushuka kwa mshazari kutoka pembe ya juu iliyo mlingotini, kwa kuwa hapo ndipo uzito wake unaposhikwa. Mikunjo ya kusimama wima ni ya pazia la dirishani.

Mawimbi ya redio na vitambaa vya rangi

Chombo cha kuongozwa kwa redio si uzushi wa juzi. Mwaka 1898, Nikola Tesla alionyesha mbele ya watu wa New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, mashua ndogo iliyotii amri zake bila ya waya, na tarehe 8 Novemba ya mwaka huo akapewa hataza yake. Baadaye, mchezo ulipoenea duniani, bendera na redio zilikutana kwa njia ya ajabu. Rimoti nyingi zilifanya kazi katika masafa ya megahezi 27, yaliyogawanywa katika njia sita, na watu wawili wakitumia njia moja kwa wakati mmoja, kila mmoja wao aliuharibu uongozi wa mwenziwe. Ili kuzuia madhara hayo, kila mchezaji alifunga katika antena yake kitambaa cha rangi ya njia yake, kahawia, nyekundu, machungwa, manjano, kijani au buluu. Aliyefika ufukweni akaona rangi kama yake tayari inapepea, alingojea zamu. Hapo kitambaa kidogo kilikuwa tena ushahidi, na amani ya wachezaji ilitegemea ukweli wake.

Rimoti za leo, nyingi zikiwa za gigahezi 2.4, hujichagulia njia zenyewe, na vitambaa hivyo havihitajiki tena. Lakini zimeleta sharti jingine. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na antena ya kipokezi ni fupi kama kidole; kijiti cha chuma kilichosimama karibu nayo kinaweza kulikatiza au kulipotosha wimbi, na mwenye chombo akajikuta anaamuru bila ya kusikilizwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuutanguliza uchelewa mbele ya njiti ya baiskeli. Antena nayo ikae juu ya usawa wa maji, mbali na mota, maana wimbi hilo halipenyi maji ya bahari.

Bendera hufuata upepo, wasemavyo wahenga, na mwenye chombo cha tanga ataifanya kuwa mshauri wake. Wakati wa kaskazi, na wakati wa kusi, na hasa katika siku za tanga mbili ambapo upepo haujaamua uelekeo, bendera nyepesi humwonyesha aliye ufukweni upepo unaokifikia chombo kule kilipo, ambao huenda usiwe ule unaompiga yeye usoni. Na ajue kuwa bendera ya chombo kinachokwenda haielekezwi na upepo wa mbinguni peke yake, bali na upepo huo ukichanganyika na ule unaozaliwa na mwendo wa chombo chenyewe. Mashua ya mota ikikimbia na upepo nyuma yake, kwa kasi iliyo sawa na ya upepo, bendera yake italala kana kwamba kuna shwari.

Mwendo nao una adabu yake. Mhandisi William Froude, aliyefanya majaribio ya mifano ya meli huko Torquay, Uingereza, katika miaka ya 1870, alionyesha kwamba mfano hufanana na meli yake juu ya maji pale tu kasi yake inapopunguzwa kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa urefu. Mfano uliopunguzwa mara 25 upunguziwe kasi mara 5. Jahazi la kilomita 10 kwa saa, mfano wake uende kilomita 2, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Wakati huo mawimbi ya omoni huwa na umbo lao la haki, na bendera hupepea kwa utulivu unaoifaa.

Adabu ya bendera

Mwaka 2012, meli za mafuta za Iran zilipoonekana zimeandikishwa chini ya bendera ya Tanzania kupitia daftari la Zanzibar, Serikali ilizifutia usajili, na dunia ikakumbushwa kuwa bendera tezini ina mwenyewe, na mwenyewe huulizwa. Kijana wa Chake Chake au wa Micheweni anayetia bendera katika mashua yake ya rimoti hatapelekwa The Hague. Hata hivyo anajifunza pale somo lile lile, tena kwa njia isiyomuumiza mtu. Anajifunza kuwa bendera haitundikwi kichwa chini, kwa kuwa hiyo ni alama ya dhiki baharini. Kuwa bendera iliyochanika na kupauka hubadilishwa. Kuwa hupandishwa asubuhi na kushushwa jua linapotua. Na kuwa anayebeba bendera ya watu fulani amejitia katika dhamana ya heshima yao.

Kwa ajili hiyo nawaomba wazazi wasiudharau mchezo huu kwa kuuona wa kupoteza wakati, na walimu wasione haya kuuingiza katika masomo, kwa kuwa ndani ya chombo kimoja kidogo mna hesabu ya uwiano, elimu ya umeme na mawimbi, useremala, ushonaji na tarikhi ya kisiwa. Ngome kongwe ya Chake Chake imekuwa nyumba ya Makumbusho ya Pemba. Kijana apelekwe huko akaulize, na aketi pia na mafundi wa mashua maadamu wapo, kabla maarifa yao hayajazikwa pamoja nao. Na kila atakayetia bendera katika chombo, kikiwa cha karara au cha rimoti, kwanza aijue ni ya nani na ya zama gani, aipime, aitie wima mahali pake, na mtoto aliye kando yake akimuuliza kwa nini imewekwa tezini, awe na jibu la kumpa.